Mwanamke Aliyehifadhiwa

Kompyuta ya ofisi ya uhakiki ilichukua muda wa kuivisha maharage ndipo iwake, na ikishawaka, ilizimika. Virusi vilikuwa vimeijaa. Novatus, fundi aliyejifunzia kompyuta Biharamulo mjini, aliitazama asubuhi moja, akamaliza chai yake, akaamua kuachana na mfumo wa zamani na kuiwekea Linux nyepesi, ile inayoenea kwenye sidii moja na kubakiza nafasi. Mfumo huo uliingia wote kwenye kumbukumbu ya mashine na kufanya kazi mchana kutwa. Jioni, kabla ya kuzima, uliuliza swali moja tu: je, uhifadhi yaliyofanyika leo? Ukijibiwa hapana, kesho yake uliamka haukumbuki chochote, na kila kitu kilianza upya.

Ilikuwa miaka ile kambi za Ngara zilipokuwa zikifungwa na malori yakiwarudisha Warundi kwao. Kila mwenye kadi ya chakula alitakiwa akae kwenye kigoda mbele ya kamera, namba yake iandikwe, apigwe picha, kisha apande lori siku ya zamu yake, atake asitake. Bila picha hakuna safari. Namba zilikuwa zimekuja kwenye flashi na zilisomeka vizuri. Kamera ndiyo iliyogoma.

"Inaiona?" aliuliza Bwana Idefonsi, mkuu wa ofisi, mtu mpole aliyekuja na kiti chake mwenyewe kutoka Runazi kwa sababu ya mgongo.

"Inaona kwamba kuna kitu, mkuu. Haijui ni kitu gani."

"Basi iambie."

Kuiambia ndiyo kazi ya draiva, programu ndogo inayoifundisha mashine kuongea na kifaa fulani. Kamera ile ilitengenezwa na kampuni isiyo na jina, na hakuna aliyewahi kuiandikia draiva. Novatus alisoma namba iliyo tumboni mwa kamera, akapanda baiskeli hadi Ngara mjini kwenye mtandao, akapata draiva ya kamera nyingine ambayo kwa namba zake ilikuwa ndugu wa hii, mtoto wa baba mkubwa hivi. Ilikuja mbichi, maandishi matupu ya msimbo. Ilibidi aipike mwenyewe ndani ya mashine, na mashine ikalalamika kwamba kuna faili linakosekana. Alipolileta lile, ikataka jingine. Yote yalipotimia, draiva mbili zikaigombania kamera moja, ile ya zamani isiyojua kitu na hii mpya, hadi alipoiandika ya zamani kwenye faili la zisizoruhusiwa kuwaka. Taa ya kamera ikawaka kijani.

Kilichobaki ni kujaribu, na kujaribu kulitaka mtu mwenye kadi. Wakati huohuo shangazi yake, Eustakia, aliingia na kapu la ndizi mbivu. Eustakia ni Mhangaza, mwenyeji wa Mugoma hapahapa Ngara, kwao na kwa babu zake, na ndiye aliyemlea Novatus. Lakini kadi alikuwa nayo. Mwaka muhogo uliposhikwa na ugonjwa wa batobato ukadumaa ardhini, alipanga foleni pamoja na wakimbizi, na karani wa mezani, mtu wa mbali, hakuweza kutofautisha Kihangaza na Kirundi. Eustakia akatoa jina la kwanza lililomjia mdomoni, Josefina Nduwayo, mjane, akapewa mahindi ya njano na mafuta. Wengi walifanya hivyo. Njaa ikaisha, wenzake wakazitupa kadi chooni. Eustakia hakuitupa, kwa kuwa kitu kilicholisha watoto hakitupwi. Aliikunja kwenye nailoni na kuifunga kwenye ncha ya kanga.

"Shikamoo shangazi. Hebu nikopeshe kadi yako nijaribie."

"Marahaba. Usiichafue," alisema Eustakia, akaketi kwenye kigoda akicheka.

Novatus akaandika namba, akabonyeza. Kwenye kioo alitokea mwanamke mwenye sura ya Eustakia, ila amekonda, umri wa miaka ile ya batobato, na kichwani ana kitambaa chekundu ambacho Eustakia hakuwahi kumiliki. Chini yake mashine iliandika: Josefina Nduwayo, ametambuliwa, tayari kwa safari.

Novatus alidhani ni kasoro ya rangi. Akajaribu mwanga, akageuza kamera, akawasha upya programu. Mwanamke aliendelea kuwa na kitambaa. Ndipo fundi alipoelewa kwamba shangazi yake anapelekwa Burundi, nchi anayoiona tu ng'ambo ya mto anapokwenda kufua, na kwamba aliyempeleka ni yeye. Jioni mashine ilipouliza kama ihifadhi, akajibu hapana.

Eustakia alipofika Mugoma siku ile alikuta mwanamke ameketi uani anachambua maharage yake kwenye ungo.

"Mwaramutse," alisema mgeni kwa Kirundi, kama mtu anayeamkia asubuhi. "Mimi naitwa Josefina."

"Nakujua," alisema Eustakia, akaketi upande wa pili wa ungo. Mume wake, Bonaventura, alileta kibuyu cha maji akarudi kwenye migomba. Walichambua hadi Novatus alipozima mashine kule ofisini. Hapo Josefina hakuwepo tena, na upande wake wa ungo ulikuwa bado na mawe.

Kesho yake Bwana Idefonsi aliketi nyuma ya fundi kwenye kile kiti cha Runazi kuona kazi inavyokwenda, na Novatus hakuwa na budi kuanza upya: faili linalokosekana, kupika, ugomvi wa draiva mbili, taa ya kijani, na ile namba ya jaribio. Josefina akarudi uani. "Mwaramutse, mimi naitwa Josefina." Jioni Novatus akajibu tena hapana. Ikawa hivyo mfululizo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu kila siku ilikuwa ndiyo siku yake ya kwanza, na Bonaventura alilalamika kwamba hawatampa jembe milele. Eustakia alimweleza kila asubuhi kisima kilipo, chumvi ilipo, na kwamba mbwa hang'ati.

"Fundi," alisema Bwana Idefonsi, "mbona kila siku unaweka kitu kilekile?"

"Inasahau, mkuu."

"Na hakuna namna ya kuikumbusha?"

"Ninaitafuta, mkuu."

Novatus alijaribu draiva nyingine, akitumaini kupata moja inayopiga watu picha jinsi walivyo. Moja ilimpiga Bwana Idefonsi kichwa chini. Nyingine ilipiga kigoda bila mtu. Ya tatu ilifanya nyuso zote kuwa za buluu, na Bwana Idefonsi alisema hiyo ingefaa kama ofisi ingekuwa na dharura. Ni ile draiva ya kamera ndugu tu iliyotoa picha safi.

Siku moja dizeli ya jenereta ilikaribia kuisha, na Novatus akaenda na dumu kuitafuta. Aliporudi, mashine ilikuwa imezimwa. Bwana Idefonsi aliizima mwenyewe kwa usalama. Mashine ilimuuliza kama ihifadhi, na Bwana Idefonsi, ambaye katika utumishi wake hajawahi kuulizwa swali na ofisi akajibu hapana, alibonyeza ndiyo.

"Imeshika," alisema kwa furaha. "Kumbe ilikuwa inataka kujibiwa vizuri tu."

Jioni ile Josefina hakutoweka. Aliganda palepale. Mkono ulibaki juu ya ungo, maharage matatu yamebanwa vidoleni, macho wazi. Eustakia na Bonaventura walimbeba wakamlaza ndani na kumfunika blanketi. Asubuhi ofisi ilipofunguliwa aliketi, akayatazama maharage mkononi, akasema haya mabovu.

Sasa alikumbuka. Alijua kisima, alijua chumvi, na mbwa alimfuata. Siku ya tatu Bonaventura alimpa jembe, naye akalima vizuri, palizi safi, akiimba nyimbo ambazo Eustakia alikuwa akiimba zamani akaacha. Jumapili hakuamka kwa kuwa ofisi haifunguliwi, na kwa hiyo hakupata misa. Padri alipoulizwa alisema hiyo si dhambi yake.

Jina la Josefina Nduwayo likapangiwa lori. Wanawake wote wawili walikwenda ofisini kwa miguu, na Eustakia alikuwa amejifunga kanga yake ya Pasaka, kwa sababu alikuwa ameamua kusema kweli.

"Baba," alimwambia Bwana Idefonsi, "huyu hana kosa. Hakuvuka mto wowote. Alizaliwa pale mezani siku nilipodanganya jina. Chakula nilikula mimi."

Bwana Idefonsi alisikiliza hadi mwisho, kwa heshima. Kisha akamwomba Josefina akae kwenye kigoda. Kioo kilimwonyesha mwanamke mwenye kitambaa chekundu, tayari kwa safari. Akamwomba Eustakia akae. Kioo kilionyesha kigoda, ukuta, na kapu la ndizi.

"Mama, unaona mwenyewe. Wewe humo. Una cheti cha kuzaliwa?"

"Nani Mugoma ana cheti?"

"Basi nikikupeleka, nitakupeleka kwa namba ipi? Nenda nyumbani ukapumzike. Huyu ndiye tunayemjua."

"Kule hana mtu hata mmoja!"

"Wengi hawana," alisema Bwana Idefonsi. Hakuwa na ubaya. Alikuwa akisema tu anachokiona kila siku.

Novatus alikuwa ameshika kipanya. Hifadhi yote ya mashine ilikuwa faili moja, na faili hufutika. Alilichagua, likageuka rangi. Josefina alikuwa amesimama nyuma yake.

"Ukilifuta hilo," aliuliza, "mimi nitakwenda wapi?"

Novatus alikuwa amesoma miongozo mingi wiki zile, na yote inaeleza namna ya kufuta. Akaondoa mkono.

Eustakia akafungua ncha ya kanga, akampa Josefina ile kadi, na kwenye kapu akamtolea kifuko cha mbegu za maharage walizochambua pamoja. Josefina alipanda lori bila kusukumwa, akaketi karibu na bodi ya nyuma. Lori lilipita njia ya Mugoma, na Bonaventura akasimama pembeni ya mgomba akapunga mkono. Jioni ofisi ilipozima mashine, wasafiri wenzake walimshusha upande wa pili wa mto akiwa amesimama wima, wakamwegemeza kwenye turubai. Habari hizo zililetwa na muuza chumvi anayevuka mto, naye alisema pia kwamba asubuhi Josefina aliuliza shamba liko wapi, na hakuna aliyejua.

Baadaye ofisi ililetewa kompyuta mpya, yenye mfumo mzito na kamera inayotambuliwa bila kuombwa. Malori yakaongezeka. Ile ya zamani ilikuwa itupwe, na Novatus akaiomba.

"Ya nini?" aliuliza Bwana Idefonsi. "Haina hata virusi tena."

"Nimeizoea, mkuu."

Mugoma hakukuwa na umeme. Bonaventura aliuza ndama, wakapata paneli ya jua ya kuwekwa juu ya bati la jikoni na betri iliyotoka kwenye lori bovu. Kompyuta ilikaa juu ya meza karibu na picha ya Bikira Maria, imefunikwa kitambaa dhidi ya moshi. Jua likishapanda juu ya migomba, Eustakia huuliza, hajanywa hata uji:

"Umemwasha?"

"Nimemwasha, shangazi."

Ndipo hukaa chini na ungo. Kila anapopika hutenga sahani moja, kwa kuwa anasema mahindi yale ya njano aliyala kwa jina la mtu, na jioni sahani huliwa na mbwa. Muuza chumvi akipita hutoa habari. Josefina anajenga kwa matope. Josefina ameambiwa ardhi aliyolima ni ya mtu, ahame. Josefina ameitwa ofisi ya kule kuhojiwa kwa nini hakuna anayemjua, na walipomtaka aseme kwao ni wapi alisema Mugoma, nao wakacheka.

Masika yalipoingia, mawingu yalikaa juu ya Ngara na paneli haikushika chochote. Novatus alibana matumizi ya mashine kadiri alivyoweza. Alizima sauti, akapunguza mwanga wa kioo, akaondoa kila programu isiyo ya lazima hadi ikabaki draiva ya kamera na jina moja. Hata hivyo, kabla ya adhuhuri kioo kilififia.

"Shangazi, betri imekwisha."

Eustakia aliweka ungo chini. Huko ng'ambo, mvua ikinyesha, kulikuwa na mwanamke amesimama na jembe juu ya shamba la mtu mwingine, na hakuna wa kumfunika. Bonaventura alisema kwamba aliyekula ni mmoja na aliyesafiri ni mwingine, na kwamba maharage yasipochambuliwa leo watalala njaa.

"Tutalala," alisema Eustakia. Alikunja mikono kifuani, akakaa bila kutikisika pale uani chini ya upenu, akilitazama wingu. Novatus alipanda juu ya bati kuifuta paneli matone.

Lori lilipita barabarani, limejaa, likielekea mtoni.