Sauti ya Baba, Upande wa Pili

Kila asubuhi kabla ya kugusa piano, Verdell Hatchett aliloweka mikono yake katika bakuli la maji ya moto mpaka vidole vilegee. Asubuhi hiyo ya Machi ndiyo kwanza alikuwa ameizamisha, mlango ukafunguliwa bila hodi, na mdogo wake Alonzo akaingia jikoni na theluji mabegani na santuri kwapani.

"Imetoka, dada," alisema. "Kausha mikono."

Verdell alikuwa ameingoja santuri hiyo miezi minane. Ilirekodiwa Julai, jukwaani, kwenye tamasha la jazi huko Rhode Island, na wenye kampuni waliamua kutia maji na mafuta katika chombo kimoja. Upande wa kwanza ni bendi ya akina Verdell, watu wazima wa tarumbeta na banjo na nyimbo za zamani. Upande wa pili ni vijana wanne, Alonzo akiwa kwenye ngoma, na jazi yao ya kisasa. Hapo Philadelphia, mjini kwao, watu walishataniana mpaka wakachoka. Vijana waliiita bendi ya Verdell wasindikiza maiti. Wazee nao walisema akina Alonzo wanapiga kama watu waliopoteza funguo gizani.

Lakini Verdell hakuwa akiungoja muziki. Alikuwa akiingoja sauti ya baba yao.

Mzee Hatchett alikuwa shemasi, na kwake jazi ilikuwa kazi ya shetani. Kwa miaka ishirini alifunga kifuniko cha piano kila alipomkuta binti yake akipiga kisichokuwa cha kanisani. Julai ile, bila kumwambia mtu, alivaa suti yake ya Jumapili akapanda basi hadi Rhode Island. Verdell alipomaliza kupiga peke yake katikati ya wimbo wa tatu, makofi yakiwa bado yanapanda, sauti iliyozoea kuongoza sala ilipaa juu ya viti vyote: "Huyo ni wangu! Huyo nimemzaa mimi!" Saa kumi na moja jioni mzee akapanda basi la kurudi. Nyumbani hawakulizungumza. Verdell aliona haya kuuliza, na mzee hakusema. Novemba wakamzika.

Alonzo aliiweka santuri kwenye gramafoni ya sebuleni. Verdell alikaa ukingoni mwa kochi. Wimbo wa tatu ukafika, piano yake ikapita, ikaisha. Makofi yakasikika, machache, kisha tarumbeta ikaingia.

"Wamemkata," alisema polepole.

"Haya, tusikilize na sisi," Alonzo akasema, akiigeuza santuri haraka kuliko ilivyohitajika.

Alisikiliza amesimama dirishani, amempa dada yake mgongo. Zikaja ngoma zake, peke yake, ndefu. Zilipokoma watu walilipuka kwa shangwe, na juu yao sauti: "Huyo ni wangu! Huyo nimemzaa mimi!"

Verdell aliinuka akaunyanyua mkono wa gramafoni.

"Nyinyi mlipanda jukwaani saa kumi na mbili," alisema. "Baba alikuwa kwenye basi."

"Najua."

"Sasa amefikaje huko?"

Alonzo alieleza akiangalia viatu vyake. Jioni ile mvua ilinyesha, watu wakakimbilia mahema ya chakula, wao wakavipigia viti vitupu. Kampuni haikutaka santuri iliyochangamka upande mmoja na kununa upande wa pili. Basi fundi wa sauti akashika wembe, akayakata makofi yaliyonoga kwenye utepe wa kurekodia wa kina Verdell, akayabandika kwenye utepe wa vijana.

"Kila mtu anafanya hivyo, dada. Ni kazi tu."

"Makofi sikatai. Yale yenye baba ndani yake, nani aliyachagua?"

"Fundi."

"Fundi anamjua baba?"

Alonzo akasema, "Alitaka kuitoa ile sauti. Alisema inavuruga. Nikamwambia aiache."

"Na utepe wenyewe?"

"Ndio huo uliokatwa. Hakuna mwingine." Akafuta pua kwa kiganja. "Mimi hakuwahi kuniambia hivyo hata siku moja. Hata pale hospitali aliniuliza kama nimeshapata kazi."

Verdell alimwonea huruma, kama alivyomwonea siku zote, tangu alipokuwa akimwachia paja la kuku mezani. Neno "haidhuru" lilikuwa limeshafika mdomoni. Alimwona Alonzo akilingoja, mabega yake yameanza kushuka.

"Umeniibia, Alonzo," alisema, na sauti yake haikutetemeka. "Sitakwambia haidhuru. Baba alisema 'huyo ni wangu' mara moja tu maishani mwake, na alikuwa ananiambia mimi."