Sungura wa Mita Elfu Tano

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, kipimo cha kidoleni kilisoma oksijeni katika damu ya dada: asilimia tisini na tatu. Pacha wake wa kiume akapata tisini.

"Mashine yako bado imelala," kaka akamwambia daktari wa timu.

"Imeamka kabla yako."

Kambi ilikuwa mita elfu mbili na mia nne juu ya usawa wa bahari. Pacha hao walipanda pamoja kutoka nyanda za chini, wiki tatu zilizopita. Timu ilikuwa imebakiza nafasi moja ya mwanamke, mbio za mita elfu tano. Dada angeipata akimaliza jaribio la asubuhi hiyo chini ya dakika kumi na sita na nusu. Akishindwa, anarudi nyumbani mchana huo. Kaka, mwenye kasi kuliko yeye, alikuwa sungura wake: amtangulie mizunguko minane kwa sekunde sabini na tisa kila mmoja, kisha atoke.

"Mwendo wa kupeleka mtoto shule," kaka akasema.

"Huku juu shinikizo la hewa ni dogo," daktari akajibu, "kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo. Mwenye injini kubwa mara nyingi hupoteza zaidi. Nimewapima: wewe umepoteza asilimia kumi na nne ya uwezo wako, yeye tisa."

"Kwa hiyo wanawake wametupiku?"

"Nimesema nyinyi wawili. Naye alikuwa na lake. Hedhi ilimpunguzia madini ya chuma, na bila chuma mwili hautengenezi damu mpya ya kutosha. Vidonge ndivyo vimemnyanyua."

"Kumbe ndiyo maana anakula misumari!"

"Nilikutangulia kuzaliwa," dada akasema akifunga kamba za viatu, "angalia nisikutangulie na leo."

Filimbi ikalia. Kaka akachomoka kama yuko nyumbani: mzunguko wa kwanza, sekunde sabini na tatu.

"Mfuate sungura!" kocha akafoka. Kambini hapo, kumwacha sungura aende peke yake lilikuwa kosa la kufukuzwa mazoezini.

Dada akatazama saa ya mkononi. Sabini na tisa. Hakuongeza hata hatua.

Mzunguko wa nne, pengo lilikuwa la mita arobaini. Kocha alikwishatupa kofia chini. Wa tano, mabega ya kaka yakapanda masikioni. Wa sita, mdomo wazi, miguu mizito. Wa saba, dada akawa mgongoni pake.

"Nipishe, mdogo wangu!"

"Pita! Pita, dada!"

Akampita. Mizunguko mitano na nusu peke yake, bila mtu wa kumshikia mwendo. Kaka akatoka njiani, akainama, akatapika, kisha akakata uwanja katikati ya nyasi hadi upande wa pili.

"Themanini na moja!" akamsomea muda wa mzunguko. "Unalala!"

Akarudi upande huu, anahema kama mvukuto.

"Sabini na nane! Hivyo hivyo!"

Wakimbiaji waliokuwa wakinyoosha misuli wakaacha, wakasogea ukingoni. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikagongwa. Dada akabadilisha mwendo.

"Sasa kula misumari!" kaka akapiga kelele, sauti imekauka. "Kula yote!"

Mita mia. Hamsini. Kocha alikuwa akikimbia kando yake, bila kofia, akisahau kufoka.

Akavuka mstari. Mtunza saa akabonyeza, akaangalia, akasoma kwa sauti: dakika kumi na sita, sekunde ishirini na saba.