Maneno ya Kujaribu Yanaambukiza

Mzazi mwenzangu, kama una mtoto anayejifunza Kiingereza cha kazini, ficha mayai na ngazi. Mimi sikuficha.

Binti yangu aliitwa kwenye usaili wa kazi ya mapokezi hotelini. Kazi ameitafuta tangu amalize shule, ila Kiingereza chake kila akikiita kinajificha. Mwalimu wake wa jioni akamwambia neno haliketi mdomoni mpaka mwili ulitende. Na wiki hiyo walikuwa kwenye maneno ya kujaribu! Kwetu mtu anajaribu, basi, yamekwisha. Kumbe kwa Kiingereza jaribio lina saizi, kama nguo. Have a go ni la nyumbani, la kuvaa na kandambili. Give it a try limepigwa pasi kidogo. Make an attempt hilo ni suti kabisa, watu wanasimama kutazama.

"Mama, let me have a go!" akasema, akarusha yai ligeuke kikaangoni. Likaenda darini, likaganda huko.

"Bibi, give it a try!" Mama yangu mzazi, magoti yanalia kama bawaba, akadaka kamba ya kuruka.

"Mama, utavunjika!" nikamwambia.

"Nikivunjika utanishona. Wewe si fundi cherehani?"

Akaruka. Nyumba ikatikisika, yai likanishukia kichwani. Wakacheka mpaka wakakaa chini, na mimi, ninayeogopa hata kupanda kigoda, nikacheka huku nalia.

Siku ya usaili nikamsindikiza. Waombaji wenzake wamekaa wima kama wanapigwa picha. Mara tukasikia ngumi mlangoni: kitasa kimegoma, meneja yuko ndani. Mhudumu anasukuma, mlinzi anasukuma, wapi! Binti yangu akavua viatu.

"Mwanangu, kaa! Utaikosa kazi."

"Let me have a go," akamwambia mlinzi, akasukuma kwa bega. Mlango kimya. "I'll give it another try." Ukaguna. Akarudi nyuma mpaka ukutani, akapandisha sketi niliyomshonea mimi, akatangaza kama yuko redioni: "I will make one last attempt!"

Mlango ukaingia ndani pamoja naye, ukazoa na pazia. Meneja akachomoza kichwa chini ya pazia kama kifaranga. Nikajua kazi imeota mbawa, nikaanza kuomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima.

"Mama, tulia," meneja akasema, anapangusa vumbi. "Mgeni akikwama chooni, huyu atamtoa. Na atamweleza kila hatua kwa Kiingereza!" Akampa kazi pale pale, mlango bado umelala sakafuni. Kisha akaokota pazia lililochanika. "Sasa hili nani ataliweza?"

Jamani, ulimi wangu sikuutuma mimi. "Let me have a go," ukasema.

Basi nikashona, na kutundika nikatundika, mimi wa kuogopa kigoda, juu ya ngazi! Binti ameishika kwa chini, beji kifuani, anapiga kelele, "One more try, mama!" Wageni wanapiga makofi. Pazia limekaa upande, kwa hiyo kesho napanda tena, na la ajabu ni kwamba naona kesho inachelewa.

Ndiyo maana nawaonya. Kamba ya mama yangu nimeificha, lakini tangu asubuhi anaizunguka baiskeli ya jirani, na midomo inamcheza.