Msiharakishe Sauti ya Shahidi

1.

Ukisikia sauti nzito, ya polepole, kama ya mtu mwenye mafua anayeongelea ndani ya pipa, ujue hapo kuna mtu anafichwa.

Ndiyo sauti ya Shahidi katika podikasti ya uchunguzi iitwayo *Walisema Wawili*. Mtangazaji wake, Ezra Mwandu, anatuambia mapema kabisa: "Sauti hii tumeibadilisha. Anayeongea akijulikana, sina uhakika atalala wapi."

Tuliisikiliza sote. Sote tuliamini Shahidi ni mwanamume.


2.

KANUNI ZA KIKUNDI CHA "SIKIO HALINA LIKIZO"
(Zimebandikwa juu. Soma kabla hujafungua mdomo.)

a) Ijumaa ni siku ya mapendekezo. Kila mwanachama alete podikasti mbili: moja ya kukaza, moja ya kulegeza. Ya kukaza ni uchunguzi: wizi, vifo, watu waliopotea. Ya kulegeza ni vichekesho. Ni marufuku kuleta ya kukaza peke yake. Tumeshawahi kuwa na mwanachama aliyeogopa kwenda chooni wiki nzima.

b) Usisimulie mwisho. Ukisimulia mwisho unatolewa, hata ukiwa mume wa admini.

c) Mitishamba, mahubiri na picha za maua ya "asubuhi njema" vina vikundi vyake.

d) Usiye na bando, sema. Admini atakubania faili.

Hicho kipengele cha mwisho ndicho kilichotuponza.


3.

Admini ni mimi. Naitwa Mboni Kisanga, nauza dawa kwenye duka moja hapa Singida mjini. Wewe unayesoma, kabla hujanihukumu, elewa kwanza kubana faili ni kitu gani.

Podikasti ndefu inakula bando. Wanachama wangu wengi wako Manyoni, Itigi, Iramba, na bando wananunua la siku. Basi mimi naipakua dukani, naiingiza kwenye kompyuta, naiharakisha, naikandamiza, inatoka ndogo. Ila programu yangu ni ya kizamani. Ukiharakisha sauti, inapanda. Baba mzima anaongea kama mvulana wa darasa la pili. Tumezoea, tena tunachekana nayo.

Sasa fikiri. Sauti ikishushwa makusudi ili mwenyewe asijulikane, halafu akatokea mtu akaipandisha,

inarudi ilikotoka.

Sikuliwaza hilo. Naapa sikuliwaza.


4.

*Walisema Wawili*, sehemu ya tatu, kama ilivyorushwa hewani:

EZRA: Kiwanda cha mafuta ya alizeti cha Tandaruwa kinasema boila ilipopasuka walikufa watu wawili.

SHAHIDI: Walioumia walikuwa watatu.

EZRA: Wa tatu ni nani?

SHAHIDI: Yohana Ntandu. Kibarua wa kutwa, hajaandikwa popote. Walimtoa akiwa hai. Wakampakia nyuma ya pikapu ya kiwanda.

EZRA: Hospitali wanasema hakufika.

SHAHIDI: *(anacheka, kidogo)* Ungekuwa mimi usingecheka?

EZRA: Alisema chochote?

SHAHIDI: Alisema. Aliniambia

*(Hapa tumekata, kwa usalama wa Shahidi.)*


5.

Ijumaa. Mapendekezo yanaingia.

MWALIMU NKUWI: Habari za leo wanakikundi. Ya kukaza naleta *Zizi Tupu*, kuhusu ng'ombe walioibwa na mtu aliyelipwa kuwalinda. Msikilize mkiwa mmeshakula. Ya kulegeza ni *Mkwe Mtarajiwa*. Kijana kapelekwa ukweni, kaketi kwenye kiti cha babu. Mengine sisemi, naheshimu kanuni b.

MIMI: Mwalimu, hiyo ya ukweni ilinimwagisha dawa ya kikohozi kaunta nzima.

FIDELIS, FUNDI FRIJI, MANYONI: Zangu hizi. Ya kukaza: *Walisema Wawili*. Ya kulegeza: *Shangazi Kafika*, ya Tausi Kiyabo na Jabali. Yule dada ana akili ya kichekesho jamani! Akianza na "nilipokuwa napika chai kiwandani" mimi tayari hoi.

FIDELIS: Halafu sikieni. Chukueni faili la sehemu ya tatu alilolibana dada Mboni, msikilize Shahidi anavyocheka. Mkimaliza msikilizeni Tausi anavyocheka. Mtaniambia.

*(Nyuso nne zinazotoa machozi ya kicheko.)*

Yaliyofuata:

Hahaha Fidelis wewe

Weeee, ni yeye kabisa!

Kumbe Shahidi ni mwanamke

Si alisema alipika chai kiwandani? Kiwanda gani vile?

Ngoja nimtumie shemeji yangu yuko Tandaruwa, atacheka sana


6.

Soma tena hiyo ya mwisho.


7.

Nilikuwa namfungia mama mmoja vidonge vya presha. Nikamwomba radhi, nikaweka simu sikioni.

Kile kicheko cha Tausi mtu akikisikia mara moja hakisahau. Hachekei nje. Anavuta pumzi ndani, kwa kushtuka, kama aliyeonja chai ya moto. Na ndicho kilichokuwa kwenye faili langu, na maneno yaliyokizunguka yalikuwa na lafudhi yake na haraka yake, hata anavyoburuza herufi akikasirika.

Ezra alimficha mtu. Mimi nikamfichua kwa ajili ya bando la watu.

Niliogopa. Mama wa presha akaniuliza, "Mwanangu, kuna msiba?" Nikamkabidhi vidonge vyake.

Nikaingia kikundini nikaanza kufuta.


8.

Ujumbe huu umefutwa na admini.

Ujumbe huu umefutwa na admini.

Ujumbe huu umefutwa na admini.

Ujumbe huu umefutwa na


9.

NAMBA ISIYO NA JINA *(imejiunga leo kwa kiungo)*: Mbona mnafuta?

FIDELIS: Dada admini, ilikuwa utani tu, kulikoni?

NAMBA ISIYO NA JINA: Utani haufutwi.

NAMBA ISIYO NA JINA: Huyo Tausi anapatikana wapi? Mimi shabiki wake.

MWALIMU NKUWI: Karibu sana ndugu mgeni, jisikie nyumbani. Tausi na Jabali wanarekodi mbele ya watu kesho Jumamosi, ukumbi wa zamani wa ushirika, nyuma ya stendi, jioni baada ya alasiri. Kiingilio bure. Wahi viti vya mbele!

NAMBA ISIYO NA JINA: Asante mwalimu.

NAMBA ISIYO NA JINA *ametoka kwenye kikundi*.


10.

MWALIMU NKUWI, kwa simu, baada ya mimi kumweleza:

"Dada Mboni, mimi nilimkaribisha mgeni. Nimelelewa hivyo. Mtu akiuliza njia unamwonyesha. Sasa nifanye nini? Niambie, dada, nifanye nini?"


11.

KIWANDA CHA MAFUTA YA ALIZETI TANDARUWA
OFISI YA UHUSIANO

TAARIFA KWA UMMA

Uongozi umepokea kwa masikitiko kipande cha sauti kinachosambaa mitandaoni, kikihusisha ajali iliyokwisha kutolewa maelezo na mamlaka husika.

Uongozi unapenda kusisitiza kuwa idadi ya marehemu ni wawili (2) na haitabadilika.

Wafanyakazi wa zamani, wakiwemo wa idara ya jikoni, wanakumbushwa kuwa kiapo cha usiri walichosaini bado kinawahusu.

Aidha, uongozi unamtakia kila la heri mtumishi wake wa zamani, Bi Tausi Kiyabo, katika shughuli zake za uchekeshaji. Wawakilishi wa kiwanda watahudhuria onyesho la kesho ili kumuunga mkono.


12.

Kumuunga mkono.


13.

Namba ya Tausi nilipewa na Ezra, baada ya kunitukana. Alikuwa na haki ya kunitukana. Nikapiga, Jumamosi asubuhi.

"Shikamoo dada Tausi. Mimi ni Mboni, yule wa kikundi."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyefuta?"

"Ndiyo dada. Nilitaka kukulinda."

"Mdogo wangu, ungeacha tu. Watu walikuwa wanacheka. Wangecheka hadi Jumapili, halafu wangehamia kwa mwingine. Ulipofuta, ulipiga muhuri."

Nikalia. Yeye hakulia. Nilisikia vyombo vinaoshwa upande wa pili, maji yanamwagwa, maisha ya watu yanaendelea.

"Ondoka basi," nikamwambia. "Nenda kwa ndugu, nenda mbali. Hata nauli nitachangisha kikundini."

"Kikundini! Utangaze na basi nitakalopanda?"

"Samahani dada."

"Ezra naye anataka nipotee. Jabali anataka tuahirishe, tuseme naumwa. Nilikuwa nimeshakubali, begi liko hapa mlangoni. Halafu Helena akanipigia."

Helena Ntandu ni mke wa Yohana. Kila sehemu ya *Walisema Wawili* inaanza na yeye akitaja jina la mumewe, lote, kwa sababu kiwanda kinasema jina hilo hakilijui.

"Kasikia ile sauti ya kwako, ya haraka. Kanitambua. Hakunilaumu kwa nini nilijificha. Kaniuliza kitu kimoja tu: mume wangu alisema nini? Ezra alikata pale, kwa sababu maneno yenyewe yanamtaja aliyeambiwa. Ukiyasikia tu, unajua ni nani alikuwa amesimama pale."

"Ukamjibu?"

"Kwenye simu? Simu yangu tangu jana inalia yenyewe na kukata yenyewe, namjibuje kwenye simu?"

Nikamwambia aende akamnong'oneze, basi, amalize aondoke.

"Nikimnong'oneza atajua peke yake," akasema Tausi. "Na mimi nikipotea, atabaki nalo peke yake. Nani atamwamini?"


14.

JABALI, nyuma ya pazia, Jumamosi:

Nimefanya kazi na huyu mwanamke miaka, najua akinyamaza ujue kuna balaa. Nimemwambia, Tausi, tufanye kile kipande cha shangazi kuzuia harusi kwa sababu ya sufuria. Kinachekesha, hakina madhara, watu wanakijua. Kasema sawa. Kasema sawa haraka mno. Mimi ni mchekeshaji, jamani, mimi ni mwoga, kazi yangu ni kuogopa kwa sauti ili watu wacheke. Sasa naogopa kimya kimya na sijui


15.

Ingia na mimi ukumbini. Kaa hapa, karibu na nguzo.

Pale mbele, viti vile Mwalimu Nkuwi alivyovisifia, wamekaa wanaume wanne wenye mashati yaliyopigwa pasi vizuri. Hawana soda. Hawana simu mkononi. Mmoja kaweka mguu juu ya waya wa spika, kama vile kwa bahati mbaya.

Safu ya tatu, mwenye kitenge cha kijani, ni Helena. Sijawahi kumwona, lakini nimemjua. Pembeni yake ni Mwalimu Nkuwi mwenyewe, kavaa koti, kakaa wima utafikiri ndiye mlinzi. Fidelis kaja kutoka Manyoni. Anaangalia chini tu.

Wengine wote wamekuja kucheka.


16.

*(Sauti ya ukumbini. Haijakatwa.)*

JABALI: Singida mpo?

WATU: Tupooo!

JABALI: Leo tuna shangazi mmoja, kakatalia sufuria—

TAUSI: Jabali, kaa kidogo.

*(Vicheko.)*

TAUSI: Nilipokuwa napika chai kiwandani.

*(Vicheko. Makofi. Mtu anapiga mluzi.)*

TAUSI: Kiwanda chenyewe kinaitwa Tandaruwa.

*(Vicheko vinapungua. Vingine bado.)*

TAUSI: Siku boila ilipopasuka nilikuwa nimebeba birika. Nikakimbilia nje nalo, mjinga mimi, nimeliacha jiko nimeokoa birika.

*(Kicheko kikubwa. Jabali hacheki.)*

TAUSI: Nyuma ya pikapu alikuwepo Yohana Ntandu. Hakuwa amelala. Alikuwa amekaa. Alikuwa amekaa wima kama mlivyokaa nyinyi.

*(Mtu mmoja nyuma anacheka. Anakoma.)*

MWANAMUME, SAFU YA MBELE: Bi Tausi. Inatosha.

TAUSI: Kaka, bado sijafika.


17.

Mwanamume amesimama. Wale watatu nao wamesimama. Mwalimu Nkuwi kasimama, koti limemkaa upande. Mimi sikumbuki nilisimama saa ngapi, ila nilikuwa nimesimama.

Tausi hakuwaangalia. Alikuwa anaangalia safu ya tatu.

"Alikuwa ameinua mikono hivi, imeungua. Akaniona. Akasema, 'Dada wa chai, mwambie Helena nimeumia mikono tu.'"


18.

Mikono tu.


19.

Ukifikiri kidogo utaelewa. Mtu aliyeumia mikono tu hafi njiani.

Helena alikaa vilevile. Uso wake sitauelezea, nimeshachukua vya watu vya kutosha. Ila sauti yake niliisikia vizuri, na wewe uisikie:

"Rudia."

Yule wa mbele akainama, akauvuta waya wa spika ukachomoka ukutani, na wenzake wawili wakaanza kupanda ngazi za jukwaa. Jabali akashuka kuwakuta, huyo huyo mwoga, mikono ameitanua.

"Rudia, dada," akasema Helena.

Tausi akaweka kipaza sauti chini, akavuta pumzi, akarudia.