Redio Iliyomwamkia Mayo Kashindye

Redio ya Nyanda, aliyoinunua Iringa mwaka sabini na tisa, ilikuwa na sauti ya kutimua ndege wa mpunga Ubaruku nzima. Siku ikiwashwa, watu wa kuamia mashamba walikwenda zao kulala.

Asubuhi hiyo lakini betri zilikuwa zimechoka. Nyanda alizianika juani juu ya ungo, pale mlangoni, zipate nguvu, kisha akazisahau kabisa. Mama yake, Kashindye, alikuwa anaharisha tangu jana. Macho yamezama, midomo imekauka, na kikombe kiko mbele yake hakijaguswa.

"Mayo, kunywa basi! Redio imesema ukiharisha maji ya mwili yanaisha. Haya yamechemshwa, yana chumvi kidogo na sukari." Na sukari yenyewe mwaka ule ilitafutwa kwa tochi.

"Redio imemwambia nani?"

"Watu wote, mayo."

"Mimi haijaniamkia. Wala yule nesi wa zahanati. Nimefika, hajauliza watoto, hajauliza ng'ombe, eti, 'Toa ulimi!' Ulimi wangu nimtolee mtu tusiyejuana?"

Akageukia ukutani. Nyanda alimjua mama yake: angekauka kama ngozi iliyowambwa kuliko kunywa dawa ya mtu asiye na salamu.

Akarukia baiskeli. Waliomwona wanaapa kwamba magurudumu hayakugusa ardhi mpaka zahanati, na kwamba aliwapita bata waliokuwa wanaruka.

"Dada Apolonia, njoo uwe redio!"

Nesi Apolonia, binti wa Kihehe kutoka Iringa, akamtazama. "Umelewa asubuhi yote hii?"

"Sijalewa! Mama anakufa kwa kukosa salamu, na aliyemnyima ni wewe!"

 Apolonia akachukua mkoba wake, akapanda nyuma ya baiskeli. Njia nzima Nyanda alimfundisha salamu za Kisukuma, lugha ya mama yake, na habari za ng'ombe wao, yeye akirudia huku meno yanagongana kwa mashimo.

Walipofika, nesi akachuchumaa nje, chini ya kidirisha. Nyanda akaingia, akaweka redio dirishani, akazungusha kitufe kwa mbwembwe.

"Mayo, sikiliza! Leo inakuita wewe!"

"Mwangaluka, mayo Kashindye," redio ikasema, kwa lafudhi ya Kihehe. "Ng'ombe wameamkaje? Na yule wa pembe moja?"

Kashindye akainua kichwa. "Mwangaluka. Yule amezaa."

"Loo! Huku redioni tumefurahi! Na wewe, mayo, tumbo linakusumbuaje?"

Akaeleza yote, hata yale aliyomficha mwanawe. Redio ikampa pole, ikamwomba anywe kidogo kidogo, asigugumie.

Kashindye akashika kikombe. Nyanda akabana pumzi. Funda moja likashuka. La pili. Kikombe kikabaki kitupu, naye akakinyoosha aongezewe! Nyanda nusura aruke atoboe paa la nyasi.

"Nyanda," mama akasema, akionyesha kwa kidevu, "betri zako zinaota jua pale mlangoni."

Nyanda akageuka. Betri zote, juu ya ungo, zinametameta. Nyuma ya ukuta mtu akapasuka kicheko.

"Iambie hiyo redio iingie ndani, isichafue gauni lake jeupe mavumbini," Kashindye akasema, akipuliza kikombe cha pili. "Ameniamkia vizuri. Ulimi sasa nitamtolea."