Rili Iliyozunguka Zaidi

Jumamosi moja ya Juni 1956, saa kumi alasiri, nati ya chuma iliruka juu ya uwanja wa mpira wa kambi ya mgodi, upande wa Songwa, ikatua katikati ya tairi la baiskeli lililolazwa kwenye majani makavu. Aliyeirusha, kwa fimbo ya kuvulia samaki, alikuwa Onesmo, dresa wa zahanati. Kando yake Gregory, fundi wa kukereza vyuma, alishika rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi kwenye fimbo, ambayo mshipi wake ulikuwa umesokotana kama kiota cha mnana.

“Upepo umekusaidia,” Gregory alisema.

“Upepo gani, kaka? Hata vumbi limelala.”

Mfugaji aitwaye Mageni alikuwa akipitisha ng’ombe pembeni ya uwanja. Akasimama, akawasalimu kwa Kisukuma.

“Mwadila, mabwana! Mnavua ng’ombe au panzi?”

“Mwadila. Tunajifunza kurusha,” Onesmo alijibu.

Mageni aliitazama rili ya Gregory. “Naona mmoja anajifunza, mwingine anajifunga.”

Onesmo alicheka hadi akainama. Gregory hakucheka. Alichomoa kisu, akakata mshipi.

Shauri lote lilitokana na besi, samaki wa kigeni waliopandikizwa katika bwawa la mgodi. Wazungu peke yao ndio walioruhusiwa kuwavua. Mwaka mzima Gregory alikuwa akimfuata Bwana Donatus, msaidizi wa ustawi wa wafanyakazi, akimwomba awaombee na wafanyakazi Waafrika. Hatimaye klabu ya wavuvi ilikubali kutoa kibali kimoja tu, kwa mfanyakazi atakayeshinda kurusha. Mpima ardhi aliyekuwa akirudi kwao aliacha rili mbili za kujifunzia. Gregory, kwa kuwa ndiye aliyeomba, alipewa achague kwanza, akaambiwa atafute na mshindani. Akamtafuta Onesmo, mwenzake wa tangu shule ya misheni Ushirombo, kwa sababu hakuwahi kumwona akishika hata ndoano.

Siku ya kuchagua aliipiga kila rili kwa kidole. Ya Kimarekani ilizunguka kana kwamba imesahau kusimama. Ya Kiingereza ilijikokota kidogo, ikalala. Karakanani, kitu kinachozunguka bila kukwama ndicho kilichotengenezwa vizuri. Gregory akachukua ya Kimarekani.

“Wewe beba hiyo nzito,” alimwambia Onesmo.

Lakini rili ya aina ile haina huruma na mwenye haraka. Chambo kinaporuka, bobini nzima, yaani gurudumu la ndani lililoviringishiwa mshipi, huzunguka kuutoa. Chambo kikipunguza mwendo na bobini isipunguze, mshipi hujirundika na kusokotana. Breki ni kidole gumba cha mrushaji, kiguse kidogo, kisha kibane. Kidole gumba cha Gregory kilikuwa na sugu ya miaka ya chuma. Cha Onesmo kilikuwa kimekunja bandeji tangu ujana, kikajua kubana na kulegeza bila kufikiri. Hata hivyo Gregory alikuwa akiendelea vizuri. Nati zake nyingi zilikuwa zikifika tairini. Tatizo lake ni kwamba hakuzihesabu zake. Alihesabu za Onesmo.

Jumamosi iliyofuata, mchana, Onesmo alibisha hodi kwake.

“Kaka, skrubu ya mpini inacheza. Nikazie, kesho ndiyo mashindano.”

“Iache hapo. Upitie jioni.”

Gregory alikaa barazani, akaikaza skrubu. Kazi aliyoombwa ikawa imekwisha. Kisha akaifungua rili yote. Ndani alikuta grisi nzito, akaelewa mara moja kwa nini ilikuwa ikijikokota, na kwa nini ilikuwa ikimsamehe Onesmo makosa yake. Akaiosha grisi kwa mafuta ya taa, akachukua kichupa cha mafuta ya cherehani ya mkewe, akatia tone huku na tone huku. Akaipiga kwa kidole. Ilizunguka zaidi kuliko yake. Aliyakumbuka majuma yake ya mwanzo, viota alivyokata kwa kisu, akatabasamu.

Bernadina, mkewe, alitoka na ungo. “Baba Euphrasia, imekuwa nyepesi! Ya nani?”

“Ya Onesmo.”

“Umefanya vizuri. Yule ana mkono. Watu wanasema kibali ni chake.”

“Watu gani?”

“Watu. Hata mimi.”

Akaifunga rili, akaifuta mpaka ikang’aa.

Jumapili baada ya misa walikutana kwenye ukingo wa bwawa. Tyubu ya lori ilikuwa ikielea majini, imefungwa kamba. Kila mtu angerusha chambo cha bati mara tatu. Bwana Donatus angehesabu kinachotua ndani.

Onesmo alitangulia. Chambo kikaenda, bobini ikapiga kelele ya ajabu, mshipi ukafumuka na kusokotana. Watu waliguna. Onesmo aliitazama rili, akaifumua taratibu, akaijaribu kwa kidole, akatikisa kichwa. Mara ya pili alibana mapema. Chambo kikatua ndani. Mara ya tatu kikatua ndani pia, bila kurusha maji mengi. Bernadina alipiga kigelegele.

“Leo imefufuka!” Onesmo aliwaambia watu. “Ni mkono wa fundi Gregory. Jana kaniwekea roho mpya.”

“Fundi, una moyo,” Bwana Donatus alisema. “Kumnolea mshindani kisu!”

Gregory aliokota fimbo yake. Akajipanga. Chambo chake cha kwanza kilitua katikati ya tyubu. Sasa alihitaji zote mbili ili ashinde. Lakini sikioni bado kulikuwa na kile kigelegele. Akarusha ya pili kwa nguvu za bega zima, kidole kikachelewa, mshipi ukajikaba na kukatika. Chambo kikaenda zake mbali kupita tyubu, kikazama. Onesmo alikuja kumsaidia kufumua.

“Usiniguse.”

“Haya, kaka.”

Akafunga chambo kingine mwenyewe. Mrusho wa tatu ulianguka hatua chache kutoka ukingoni.

Bwana Donatus aliandika jina la Onesmo kwenye kadi, akampa. Onesmo hakungoja. Alisogea penye matete, akarusha kwenye kivuli cha matete hayo, akaanza kukunja mshipi. Fimbo ikapinda.

“Kaka, wavu! Wavu!”

Wavu ulikuwa miguuni pa Gregory. Aliutazama, mikono nyuma.

“Kaka!”

Bernadina alivua viatu, akauokota wavu, akaingia majini mpaka magotini, akamwinua besi.