Sahihi ya Kupokea Mtoto

Kazi yangu kwenye kamati moja ya bunge ni kuandika wanayosema wengine. Mwaka wa kumi na tisa huu naandika. Nimeandika upuuzi mpaka vidole vimeota sugu, na sijawahi kufungua mdomo, maana karani haongei kikaoni. Lakini siku hiyo, jamani, ningekaa kimya ningepasuka.

Asubuhi ililetwa ripoti ya Mpango wa Kuzuia Usafirishaji wa Watoto. Ililetwa saa moja kabla ya kikao, kama kawaida yao, ili waheshimiwa wasipate muda wa kuisoma. Nikazipanga nakala mezani, moja kila kiti, pamoja na chupa ya maji. Kwa umbea wangu nikafungua jedwali la mwisho. Watoto waliopotea: sitini na tatu. Waliorejeshwa nyumbani: sitini na tatu. Namba arobaini na moja alikuwa Cheche wetu, jina lake kamili, la baba yake na la babu yake.

Cheche ni mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na miwili. Miezi minane iliyopita mwanamke aliyejifanya anafadhili wanafunzi alimchukua getini mwa shule, na tangu siku hiyo hatujamwona wala kumsikia. Dada bado anamwekea chakula kila jioni. Na hapa, kwenye karatasi ya kung'aa, wameandika: AMEREJESHWA. FAILI LIMEFUNGWA.

Faili likifungwa hakuna anayemtafuta. Kila Jumatatu dada anakwenda ofisini kwa hao watu wa Mpango, anaambiwa, "Mama, vuta subira, tunalishughulikia." Kumbe anapigwa changa la macho! Hakuna aliyekuwa anashughulikia chochote. Washenzi wakubwa wale.

Nikatoka hadi koridoni nikampigia simu. "Dada, acha cherehani. Njoo bungeni sasa hivi, kikao ni cha wazi."

Akaja futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni, akaketi nyuma kwenye viti vya wananchi. Mkurugenzi wa Mpango alikuwa ameshashika kipaza sauti. "Waheshimiwa, angalieni tarehe. Kila mtoto amerejeshwa siku ileile aliyoripotiwa." Makofi! Mbunge mmoja, ambaye sisi makarani tunamwita Hoja-Imepita kwa sababu hajapinga kitu tangu achaguliwe, akaomba Mpango upewe pongezi, tena ziingie kwenye kumbukumbu.

Niziandike mimi! Mori ukanipanda. Nikasimama, liwalo na liwe.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, namba arobaini na moja alipokelewa na nani?"

Mwenyekiti, mama mtu mzima asiyependa mchezo, akanitazama juu ya miwani. "Karani, kanuni unazijua."

"Nazijua, mimi ndiye niliyezichapa. Lakini mimi ni mama mdogo wa huyo mtoto. Alipokelewa na nani?"

Mwenyekiti akavua miwani. Kisha akamgeukia mkurugenzi. "Jibu."

Mkurugenzi wala hakutikisika. Msaidizi wake akafungua sanduku la mafaili, akatoa moja, na bosi wake akainua karatasi ya tatu, hati ya kupokea mtoto, wote tuione. "Alimpokea mama mzazi. Sahihi yake hii hapa."

Dada yangu akasimama kule nyuma. "Hiyo sahihi niliiweka siku niliyokuja kuripoti," alisema. "Afisa wenu alinipa karatasi tatu. Akaniambia, mama, saini zote kabisa, usije ukasumbuka kurudi. Nilikuwa nalia, sikusoma. Nikamshukuru."

Nikamshukuru! Niliposikia neno hilo nilitamani kuipindua meza.

Mwenyekiti akaagiza sanduku zima liwekwe mbele yake. Akafungua faili moja, la pili, la kumi. Sahihi tatu, kalamu moja, siku moja. Ndiyo maana watoto walikuwa wanarudi upesi hivyo.

"Ni utaratibu wa kuwapunguzia wananchi usumbufu," mkurugenzi akasema. Hilo nililiandika neno kwa neno.

"Kati ya hawa sitini na tatu, wangapi wako kwao leo?"

Hakujua. Mtu analipwa mshahara kwa kazi hiyo, na hakujua! Hoja-Imepita alikuwa anasoma maandishi ya chupa yake ya maji.

Mwenyekiti akaamuru mafaili yote yafunguliwe upya siku hiyohiyo, na mkuu wa polisi aletwe mbele ya kamati asubuhi inayofuata. Msaidizi, jasho linamtoka, akamfuata dada yangu na fomu mpya ya kufungua faili, karatasi tatu zilizobanwa pamoja. Akamnyooshea kalamu. "Mama, weka sahihi hapa, hapa, na hapa."

Yaani palepale!

Dada akaketi, akasoma kila mstari, ukumbi mzima unamsubiri. Akasaini ya kwanza. Akasaini ya pili. Ya tatu akaichomoa, akaikunja mara mbili. "Hii nitaisaini Cheche akiwa amesimama mbele yangu."

Mimi nilipewa barua ya onyo kwa kuongea kikaoni, nikaisoma mara mbili kabla ya kuisaini. Watoto kumi na mmoja wamepatikana mpaka sasa. Ile karatasi ya dada iko kwenye droo ya cherehani yake, chini ya vifungo na nyuzi. Juzi niliiona nilipokuwa natafuta sindano, na bado haina sahihi.